Vifuniko vya Bia Katika Kiwanja cha Mwinjilisti

Kaka yangu Wenceslas ana mashine ya kutafuta vyuma ardhini, nami nina presha. Vyote viwili vilianza mwaka mmoja, na mtu asije akaniambia ni bahati mbaya tu.

Wenceslas ni fundi wa simu hapa Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo. Ana kibanda chake, ana wateja wake, ana mke, Jolie, ambaye ni mpole kupita kiasi, ndiyo maana mambo ya mumewe yote huja kumwagikia nyumbani kwangu. Mashine aliipata kwa rafiki yake wa Bukavu, Ntabaza, aliyezunguka na wachimba dhahabu wa Kivu Kusini mpaka akachoka kutafuta asichokiona. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini, na ikipita juu ya chuma inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kuivusha mpakani pale Rusizi ya Kwanza ilikuwa kazi kwelikweli. Mimi navuka pale karibu kila siku na karoti na nyanya zangu, askari wananijua, wananiita Maman Umuhire. Siku hiyo ilibidi nisimame mbele yao nieleze kwamba kaka yangu si mwizi wala mpelelezi, ni mtu tu anayependa sarafu za zamani. Walinitazama mimi, wakamtazama yeye, wakanionea huruma.

Ndiyo, sarafu. Za Wajerumani zenye taji, za Wabelgiji zenye tundu katikati. Msidhani alikuwa anaenda tu kupapasa ardhi ovyo. Alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ndio ulionichosha roho. Kwanza aliwatafuta wazee, awaulize soko la zamani lilikaa wapi, kodi ililipwa wapi, njia ilipita wapi kabla ya lami. Na wazee wetu mnawajua. Hawakujibu ukiwa umesimama. Unakaa, unaletewa kitu cha kunywa, unaulizwa habari za mashangazi ambao hata wewe umesahau kama wako hai, na jua likishaegemea upande wa Kongo, mzee anainua kidevu na kukuonyesha kilima kizima. "Ni pale." Basi Wenceslas anarudi na furaha kama aliyeonyeshwa mlango wa benki, na kesho yake anakwenda kufukua misumari, makopo ya sadini na mbavu za mwavuli. Akijaliwa sana, sarafu moja iliyoliwa na kutu.

Nimpe haki yake kwa jambo moja. Katika nchi hii, mtu akionekana anachimba mahali pasipokuwa shamba lake, watu hawacheki. Wanasimama, wananyamaza, wanangoja kuona kama ni mifupa ya mtu inayotoka. Wenceslas hakuwahi kuchimba kabla ya kumwomba mwenye shamba na kumjulisha mkuu wa kijiji, na kila tundu alilitazama mwenyewe kwanza, polepole, kabla ya kutia mkono. Kisha alilifukia vizuri. Kwa hilo sina neno naye.

Neno langu ni juu ya Maman.

Mama yetu, Mukarugwiza, anakaa kwangu. Alizaliwa upande wa Gikundamvura, juu ya kilima kinachotazama bonde la mpunga. Baba yake alikuwa mwinjilisti. Maman alikuwa bado mtoto mdogo nyumba za watu wa kabila lao zilipoanza kuchomwa, wakakimbia, wakavuka, wakawa watu wa Bukavu. Sisi wote tulizaliwa huko na tukakulia huko, tuliporudi Rwanda tulikuwa watu wazima tunaongea Kinyarwanda kwa lafudhi ya kuchekesha. Na toka tumerudi Maman ana haja moja tu. Anataka kusimama katika kiwanja cha baba yake kabla hajafa. Si kukidai, si kujenga. Kusimama tu.

Mngedhani ni jambo rahisi. Tulikwenda mwaka tuliorudi, hatukuona kitu. Mti mkubwa wa umuvumu uliokuwa nyuma ya nyumba umekatwa. Mteremko umechimbwa matuta kutoka juu mpaka chini. Njia imehamishwa, watu wamehamishwa, wazee waliomjua babu wamekufa au walikimbia na wao kwa zamu yao. Maman alisimama barabarani akageuka huku na huku, kisha akasema turudi nyumbani. Mimi nilidhani limekwisha.

Sasa siku moja Wenceslas yuko jikoni kwangu anasugua sarafu yenye tundu, kwa limao langu, juu ya meza yangu, na Maman anachambua maharage. Akaitazama ile sarafu, akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba baba yake alikuwa na kopo zima la hizo, sadaka ya kanisa, na asubuhi ile ya kukimbia alilifukia karibu na mlango ili wasikamatwe nalo njiani. Akaendelea na maharage yake.

Kaka yangu akaacha kusugua. Nilimwona usoni, nikajua amani imekwisha katika nyumba hii. Alisema ukilipata kopo umeupata mlango, na ukiupata mlango umeipata nyumba, na mashine anayo. Nilimwambia Maman ana moyo mgonjwa, miguu inavimba, daktari amekataza vilima. Akanijibu kwamba kilima ndiyo dawa. Hebu mtu kama huyo utamfanya nini?

Akaanza utafiti upya, safari hii kwa hasira ya mapenzi. Aliacha kibanda kimefungwa, wateja wakawa wananipigia mimi kuuliza simu zao. Alikwenda Gikundamvura mara nyingi hata waendesha pikipiki wa kule wakawa wanajua chai anayopenda. Akagundua palipokuwa kanisa la zamani la udongo, pembeni ya kijito, na akakata shauri kwamba mwinjilisti asingekaa mbali na kengele yake. Juu kidogo ya pale palikuwa na nyumba ya mama mmoja kijana, Uwamwezi, mwenye watoto wadogo na migomba mizuri. Huyo mama alimruhusu kupitisha mashine, lakini shingo upande. Alimuuliza kama ametumwa na ofisi ya ardhi. Wenceslas akasema hapana. Baada ya muda akamuuliza tena.

Siku ya kuchimba nilikuwapo, na Maman tulikuwa tumemleta kwa pikipiki, amefungwa kitenge kiunoni kama mtoto ili asianguke. Tulipofika juu, mashine ilikuwa inalia kila mahali kando ya migomba, na Wenceslas amekaa chini amekata tamaa. Mbele yake lundo la vifuniko vya chupa za bia. Vyeusi kwa kutu, vimebonyea, vingi ajabu. Ukichimba hapa kifuniko, ukichimba pale kifuniko.

Sasa mnielewe. Babu yetu alikuwa hataki kuona pombe hata kwa mbali. Maman anasema maji ya ndizi yakilala usiku mmoja tu alikuwa anayamwaga, kwamba yameanza kufikiria dhambi. Sisi tulilelewa hivyo hivyo. Arusi yangu mimi ilikuwa ya Fanta, mpaka wakwe wakanuna. Kwa hiyo mimi na kaka yangu tulipoona vifuniko vile hatukuhitaji kushauriana. Hapa palikuwa kilabu cha bia. Hata sarafu moja yenye tundu ilipotoka katikati ya vile vifuniko, Wenceslas aliiweka mfukoni bila furaha na kusema walevi ndio wanaoangusha pesa. Nilikubaliana naye, na si kawaida yangu.

Maman alishuka, akasimama akishika bega langu. Akatazama kijito. Akatazama upande wa pili wa bonde. Akamtazama Uwamwezi, aliyekuwa amewaingiza watoto wake ndani na kusimama mlangoni huku anajifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Kisha akasema si hapa, twende.

Basi tukaenda. Na tukaendelea kwenda. Kaka yangu alipata kilima kingine, ambako Wabelgiji walikuwa wanapokea kodi, akaona kwamba penye kodi pana nyumba na penye nyumba huenda na ya babu ipo. Hapakuwa na kitu. Nilimwambia mtu aliyekuja kulipa kodi na pesa yake ya jasho aliishika kwa meno, angeiangushaje? Akasema sielewi utafiti. Halafu ikawa mahali pengine karibu na shamba la mihogo, ambako mvua ilitunyeshea mpaka mashine ikawa inalia yenyewe bila chuma. Kila mahali Maman anashuka, anatazama kwa adabu, anasema si hapa. Kila tukirudi, anajilaza anageukia ukuta, sahani inarudi jikoni ilivyokwenda. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii. Nyanya zangu zinaozea ghalani kwa siku za soko ninazokosa. Hayo yote ningeyameza. Nilichoshindwa kumeza ni kumwona mama yangu akipandishwa tumaini kilimani na kushushwa bila kitu, na mwanawe anaita hiyo dawa.

Siku maji yaliponifika shingoni, nilimwambia Wenceslas asikanyage tena kwangu na ile fimbo. Nilisema maneno, Jolie akaja kutuliza, nikamwambia na yeye maneno. Kaka yangu aliondoka ameinamisha kichwa, na kwa haraka akaacha makopo yake. Kwa sababu yeye hajui kutupa kitu. Kila mahali alipochimba ana kopo lake, limeandikwa jina la mahali, limejaa takataka za pale, na yote yalikuwa yamepangwa jikoni kwangu chini ya meza, panya wanayapigia muziki.

Nikaamua kuyatupa. Nilichukua la kwa Uwamwezi nikalimwaga uani juu ya gunia, nikawa navizoa vile vifuniko kwa mikono huku nagombana na kaka yangu asiyekuwapo. Mkono ukasimama wenyewe. Kifuniko kilikuwa na tundu katikati. Nikachukua kingine, tundu. Kingine, tundu. Vyote. Si tundu la kutu, tundu la msumari, limetobolewa kutoka juu kwenda chini.

Nikainua macho, na mbele yangu likawa bati la jiko langu mwenyewe. Kila msumari una kifuniko cha bia chini ya kichwa chake, ili maji yasipenye. Fundi wangu hakuwa na washa, vile visahani vya kuwekwa chini ya msumari, akanituma nikaokote vifuniko. Na mimi, mke wa arusi ya Fanta, nilivuka barabara na kapu langu nikaviokota nje ya baa, nikiomba Mungu nisionwe na mtu wa kanisani.

Nilikaa chini pale pale uani. Nani kwenye kilima kile, wakati ule, angekuwa na mabati? Si mlevi. Maman ametuambia tangu utotoni kwamba misheni ilimpa baba yake mabati, nyumba yao ikawa inang'aa mpaka bondeni. Mabati alipewa. Washa hakupewa. Babu hakunywa bia, lakini vifuniko aliokota kama mimi. Na sisi, kwa utakatifu wetu, tulilichimba paa la babu yetu kwa mikono yetu tukaliita kilabu.

Niliingia ndani na vifuniko vimejaa kanga, nina furaha na nina hasira, sijui ipi ilikuwa kubwa. Maman alikuwa amekaa kitandani. Nikamwonyesha, nikamweleza, maneno yanapishana mdomoni. Alichukua kifuniko kimoja, akapitisha kidole kwenye tundu, akakirudisha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Maman?"

"Ile siku ya kwanza, nilijua ni kwetu. Lile jiwe kubwa la ng'ambo ya mto, baba alikuwa anatukataza kulipanda. Nililiona hata mbele ya kushuka pikipiki."

Nilimtazama. Nilifikiria vilima vyote, mvua, miguu yake, nyanya zangu.

"Na juu ya nini ulisema si pale?"

"Ule mwanamke. Haukumuona? Aliingiza batoto ndani, akasimama mu mulango. Mama yangu naye alisimama vile vile, ile asubuhi bantu balikuja." Akajifunika miguu. "Ningesema ni kwetu, angepata usingizi tena?"

Nikamuuliza basi kule kwingine kote alikuwa anakwenda kutafuta nini, na mguu ule. Akasema kama angekataa kwenda, Wenceslas angefikiri sana, na akifikiri sana angerudi kwa yule mama. Bora azunguke mbali. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu aliyeficha sukari asionwe na watoto. Na alipokuwa anageukia ukuta bila kula, alikuwa anapatazama pale katika kichwa chake, hakutaka tumkatize. Nilitoka nje nikapiga teke kopo la kaka yangu mpaka likafika kwa jirani.

Wenceslas nilimwita mwenyewe. Alisikiliza, akalia, akafuta macho, na papo hapo akaanza mipango. Yule mama ana hati yake, hakuna wa kumnyang'anya, nasi hatutaki shamba, tumweleze tu ukweli kwa maneno mazuri, Maman akae pale kwa haki yake, na kopo la sadaka hatimaye litafutwe. Alikuwa na hoja nzuri zote. Maman alimwacha amalize. Akamwambia yule mwanamke akishaambiwa, hata kwa maneno ya asali, kila pikipiki itakayosimama chini ya kilima atadhani ni sisi. Na habari ya kopo, akasema, "Ile sadaka Mungu alishaipokea. Iache."

Kisha akaomba apelekwe mara moja tu. Bila mashine. Na asiwepo wa kusema kitu.

Tulikwenda asubuhi moja ya jua. Nilibeba karoti kidogo za kumpa mwenye nyumba, na Wenceslas hakubeba kitu, hajui mikono aiweke wapi. Uwamwezi alitutambua, na uso wake ukaanguka. Alitazama mikono ya kaka yangu, akatazama nyuma yake, hakuona ile fimbo, ndipo akapumua. Nilimwambia tumepita tu, mama yetu amechoka njiani, anaomba kupumzika kidogo.

Akaleta kiti, akakiweka kivulini. Maman akashukuru, akasema mgongo wake unapenda mkeka, na unapenda pale, akaonyesha kando ya migomba. Pale hapakuwa na kivuli hata cha kuku. Uwamwezi alishangaa lakini akatandika mkeka. Maman akakaa, akavua ndara, akanyoosha miguu yake iliyovimba mpaka visigino vikagusa udongo nje ya mkeka. Akaletewa maji akanywa. Watoto walitoka ndani mmoja mmoja, na mdogo kuliko wote akaja kumwegemea bega kana kwamba ni bibi yake. Maman alimwacha. Alikuwa anatazama jiwe la ng'ambo.

Sijui kama mnajua kukaa kimya kunavyouma. Nilitaka kupiga kelele. Nilimkasirikia kaka yangu kwa kulia kila mara anageukia migomba, nikamkasirikia Maman, nikawakasirikia waliokuja asubuhi ile, wote wameshakufa hawana hata masikio ya kutukanwa. Nilimkasirikia hata Uwamwezi, ambaye hakufanya kosa lolote, alikuwa anachagua maparachichi mazuri atufungie.

Alipomaliza kuyafunga alikuja akachuchumaa mbele ya Maman, akamuuliza kwa heshima, kama mwenyeji anavyomuuliza mgeni, kwao ni wapi. Sasa, miaka yote ile Bukavu, kwenye foleni ya maji, sokoni, hospitali, popote walipomuuliza mama yangu kwao ni wapi, wengine kwa wema na wengine kwa kumfukuza, alikuwa anajibu kwa jina la kilima hiki. Hata lilipoweza kumletea balaa, alilitaja. Wenceslas aliacha kufuta macho, akageuka. Mimi nilishika mkeka.

Maman alimshika yule mtoto kichwani, akatabasamu kwa Uwamwezi.

"Bukavu," akasema. "Sisi ni watu wa Bukavu."